Barua Zilizovuka Mgunda Mkali: Emin Pasha kati ya Elimu na Amri

Kati ya Ugogo na Unyanyembe, katika nchi ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida, misafara ya karne ya 19 ilivuka pori lililojulikana kwa jina la Mgunda Mkali. Maji yalikuwa haba na vijiji vilikuwa vichache. Njia hiyo hukumbukwa zaidi kwa pembe za ndovu na kwa watumwa. Hata hivyo, ilikuwa pia njia ya barua, na baadhi ya barua hizo zilimhusu mtu aliyetumikia mabwana wawili: elimu na serikali.

Mtu huyo ni Eduard Schnitzer, aliyezaliwa mwaka 1840 katika mji wa Oppeln, Silesia. Alisomea utabibu, akafanya kazi katika dola ya Waturuki, akajiita Mehmed Emin. Mwaka 1876 aliingia katika utumishi wa serikali ya Misri akiwa tabibu chini ya Charles Gordon, na mwaka 1878 akafanywa gavana wa Jimbo la Ikweta, katika nchi ambazo sasa ni Sudani Kusini na kaskazini ya Uganda. Huko alitoza kodi, alisimamia askari na kuamua mashauri. Na wakati huohuo alikusanya ndege, wanyama na maneno ya lugha za wenyeji, akawaandikia wataalamu wa Ulaya.

Miongoni mwa wataalamu hao alikuwapo Gustav Hartlaub wa Bremen, bingwa wa elimu ya ndege. Mwaka 1882 Hartlaub alimpa aina moja ya mbwigu jina la kisayansi Lanius gubernator. Neno hilo la pili ni la Kilatini, na maana yake ni mtawala. Kwa hiyo ndege huyo hadi leo hubeba katika jina lake cheo cha aliyempeleka, wala si jina lake. Ni ushahidi mdogo, lakini unaonyesha wazi kuwa kazi ya elimu na kazi ya dola hazikutengana: bila mamlaka ya gavana, masanduku ya ndege yasingepata walinzi wala wachukuzi.

Vita vya Mahdi vilipoifunga njia ya Mto Nile, Emin alilazimika kugeukia kusini. Barua zake zilipitia Bunyoro na Buganda, ambako Alexander Mackay wa misheni ya Kanisa la Uingereza alisaidia kuzipeleka mbele. Mwaka 1886 rafiki yake Wilhelm Junker, msafiri na mwanasayansi, aliifuata njia hiyo ya kusini kupitia Tabora hadi pwani. Habari zilizofika Ulaya zilizua jambo ambalo mwandishi wa barua hakulitarajia. Alikuwa ameomba risasi, nguo na msaada ili abaki kazini. Wasomaji wa London walimwona mfungwa wa kuokolewa. Henry Morton Stanley alitumwa, na mwaka 1888, kabla Emin hajaondoka katika jimbo lake, barua zake zilikwisha kutolewa kitabu kwa Kiingereza. Mwaka 1889 Stanley alimleta kwa miguu kupitia Usukuma, Muhalala, Ugogo na Mpwapwa, wakafika Bagamoyo mwezi wa Desemba.

Safari ya pili ilikuwa ya namna nyingine. Emin aliingia katika utumishi wa Wajerumani, na mwezi wa Aprili 1890 akaondoka Bagamoyo pamoja na Franz Stuhlmann, mtaalamu wa elimu ya wanyama. Aliagizwa kuimarisha bendera ya Ujerumani katika nchi za maziwa. Tarehe 1 Julai 1890, wakati msafara wake ungali katika nchi ya kati, baina ya Mpwapwa na Tabora, Ujerumani na Uingereza zilitia saini mkataba uliogawanya upya nchi hizo, na Uganda ikawekwa upande wa Uingereza. Madhumuni ya safari yakabadilika, na mwenye safari hakuwa na habari. Tarishi hakuweza kushindana na kalamu ya Berlin. Mwanzoni mwa Agosti Emin alipandisha bendera Tabora pasipo idhini ya wakubwa wake, na mwezi wa Novemba akaanzisha kituo cha Bukoba. Aliitwa arudi, lakini akaendelea magharibi. Mwezi wa Oktoba 1892 aliuawa mashariki ya Kongo.

Jambo moja halifai kufichwa chini ya sifa za mwanasayansi huyu. Watemi wa Ugogo walikuwa wakitoza hongo kwa maji na kwa ruhusa ya kupita, na kwao hiyo ilikuwa haki ya mwenye nchi. Msafara wa mwaka 1890 uliona haki hiyo kuwa uasi. Matembe yalichomwa na ng'ombe wakatwaliwa. Mkono ulioandika urefu wa bawa la ndege ndio uliotia saini amri za adhabu, na makusanyo ya safari hiyo yalichukuliwa na wapagazi ambao majina ya aina mpya hayakuwakumbuka.

Kwa mwanafunzi wa historia na lugha, barua na shajara za Emin, ambazo Stuhlmann alizihariri baadaye, zina thamani kubwa, ila zahitaji kusomwa kwa macho mawili. Jicho la kwanza litazame yaliyopimwa: mvua, ndege, lugha, mwendo wa siku. La pili litazame ni nani aliyelipia upimaji huo. Mbwigu yule alipewa jina Bremen na mtu ambaye hakupata kumwona akiruka. Jina la Mgunda Mkali lina asili nyingine. Mgunda ni shamba kwa lugha ya Wanyamwezi, na ukali wake waliujua wale walioliita hivyo, kwa kuwa walilivuka kwa miguu yao, mizigo ikiwa mabegani. Elimu yao pia ni elimu, na utafiti wa njia ya kati hauwezi kukamilika pasipo kuanzia hapo.