Viraka vya Dar
Barabara ya mjini haiuawi na magari peke yake. Mtaro ukiziba, maji hupenya chini ya lami, kifusi hulainika, na gurudumu la lori humalizia kazi.

Dar es Salaam iliujua ugonjwa huo miaka ya 1970. Sera ya Madaraka Mikoani ya 1972 iliishia kuifuta halmashauri ya jiji, iliyohudumia mitaro hiyo. Mwaka 1973 chama tawala, TANU, kikaamua makao makuu yahamie Dodoma ndani ya miaka 10. Nani angekazania lami mpya katika mji unaotarajiwa kuagwa na wizara?

Wizara nyingi hazikuondoka. Watu ndio kwanza wakamiminika Dar: kutoka takriban 273,000 katika sensa ya 1967 hadi zaidi ya 750,000 mwaka 1978, mwaka ambao halmashauri za miji zilirudishwa. Mipango kabambe ya jiji ya 1968 na 1979 ilichorwa na washauri wa Kanada, kwa ustadi. Lakini shimo la mtaani lilijazwa kifusi, likangoja masika.

Uhamaji wenyewe wa kwenda Dodoma ulishika kasi mwaka 2016, miezi michache tu baada ya mabasi yaendayo haraka kuanza safari katika Barabara ya Morogoro iliyojengwa upya.