Saa ya Kujijaza na Akiba ya Mwendo

Mnunuzi akisoma “otomatiki” kwenye saa ya mkono, hudhani ni saa isiyodai chochote. Anaiweka kabatini siku nne, anaikuta imesimama, anairudisha dukani kama mbovu. Ndiyo maana napendelea kuiita saa ya kujijaza. Kujaza saa, au kuitia ufunguo, tunakujua: ni kukaza kamani, ule utepe wa chuma uliozongwa, ambao ukikunjuka pole pole huzungusha magurudumu na akrabu.

Katika saa ya kujijaza, anayekaza ni rota, kipande kizito cha chuma chenye umbo la nusu duara. Ukinyoosha mkono kushika bomba la daladala, rota inazunguka na kamani inakazwa. Mwingereza John Harwood alipata hataza ya saa ya mkono ya namna hii miaka ya 1920. Kipande kizito cha saa hiyo kiliyumba huku na huku tu. Mwaka 1931 Rolex ikaleta rota ya kuzunguka duara zima.

Tazama Baltic HMS 002 ya Ufaransa, yenye kasha la milimita 38, saa ya kuvaa kazini na sokoni. Baltic, iliyoanzishwa na Etienne Malec, ni chapa huru, haimo katika makundi makubwa ya saa. Mtambo wa HMS 002 ni Miyota 8315, wa kampuni ya Citizen ya Japani. Wapo wanaolidharau hilo. Mimi nalisifu: chapa ndogo ingeunda mtambo wake yenyewe, saa isingeshikika kwa mtu wa mshahara, na siku ya kuharibika fundi angehangaika kutafuta vipuri.

Rota ya 8315 hukaza ikizunguka upande mmoja. Upande wa pili hukimbia bure, na kifundo cha mkono kinaihisi ikitetema.

Faida nyingine ya neno kujaza ni kwamba linaita swali: ikijaa, inakwenda muda gani? Muda huo nauita akiba ya mwendo. Kwa 8315 ni saa 60; ukiivua imejaa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, inafika alfajiri ya Jumatatu. Kwa siku, kiwanda kinairuhusu ichelewe sekunde 20 au ikimbie 40. Ikisimama usiitikise: zungusha ufunguo wa pembeni mara 20 au zaidi, rekebisha majira, uivae.