Mchanga haumezi mafuta yakaisha

Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, ulipata mlango mmoja tu wa Ziwa Victoria, nao ni Wilaya ya Busega. Barabara ya Bariadi humfikisha msafiri Lamadi, inakokutana na ile kuu ya Mwanza hadi Musoma, wanakopita madereva wa malori ya mafuta. Mialoni, mitumbwi huondoka na madumu ya petroli, na dagaa huanikwa mchangani. Chakula na mafuta vinakaa jirani mno.

Wengi huamini mafuta yakimwagika ufukweni, mchanga utayameza na habari itaishia hapo. Historia inakataa. Mwaka 1967 meli Torrey Canyon ilipasuka kwenye miamba ya Cornwall, Uingereza, ikiwa na takriban tani 119,000 za mafuta ghafi. Waokoaji wakamwaga zaidi ya tani 10,000 za sabuni za viwandani. Sabuni hizo ziliua konokono na viumbe wengine wa pwani wengi kuliko mafuta yenyewe, na mahali pengine zikayasukuma mafuta chini zaidi mchangani. Mwaka 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mafuta ya Kuwait yalitapakaa pwani ya Saudi Arabia, yakateremka kupitia mashimo ya kaa. Miaka kumi baadaye bado yalikuwamo.

Mafuta mazito hutanda juu kama lami. Dizeli hupenya haraka, hasa kwenye mchanga mkavu; mchanga ulioloa huizuia kidogo. Kisha mawimbi huleta mchanga mpya na kuyafukia mafuta, na huko chini hewa ni haba, kwa hiyo bakteria wanaoyala hufanya kazi polepole mno.

Afrika Mashariki tumeyaona. Mwaka 1988, katika kijito cha Makupa, Mombasa, maelfu ya tani za mafuta yalimwagika na mikoko ikafa. Lakini bahari hupwa na kujaa kila siku, na hilo huweza kusaidia kusafisha. Ziwa letu halina msaada huo, linategemea upepo.

Kwa hiyo vikundi vya usimamizi wa mialo (BMU) vya Busega na halmashauri viweke makoleo, mapipa na turubai kwenye mialo sasa. Mafuta yakimwagika, tuchote mchanga uliochafuka kabla wimbi halijaufukia, tusimwage sabuni, na dagaa wasianikwe hapo hadi wataalamu wa mazingira wapime.