Kutoka Bwana Msa hadi Willy Gamba: kwa nini wasomaji wa Kiswahili hawaachi riwaya za upelelezi

KAMANYOLA, Kivu ya Kusini – Mwaka 1979 kilitoka Dar es Salaam kitabu cha Kiswahili kilichompeleka mpelelezi wake hadi Kinshasa. Kitabu kinaitwa Kikosi cha Kisasi, mwandishi ni Elvis Musiba, na mpelelezi ni Willy Gamba. Kwa mtu wa Kivu hilo si jambo dogo. Kinshasa husema Lingala na serikali huandika Kifaransa, lakini hapa mji mkuu wa Zaire ulikuwa umeingia katika hadithi ya Kiswahili, pamoja na hatari zake na siri zake, na mtoto wa bonde la Ruzizi angeweza kuisoma bila kumwomba mtu amtafsirie.

Riwaya za upelelezi ni zile ambazo wanafunzi wa Kifaransa huziita polar. Wengi hapa huanza kusikia habari zake kwa Mbelgiji Georges Simenon na polisi wake Maigret. Wachache wanajua kwamba Kiswahili kina wapelelezi wake tangu zaidi ya miaka 60, na kwamba wana wapenzi wanaowataja kwa majina kama jamaa zao. Ukifuata wapelelezi hao mmoja baada ya mwingine, unaona pia jinsi wasomaji walivyobadilika: walimwamini nani, walimwogopa nani, na siku walipopoteza imani walimgeukia nani.

Mzee wa kiko

Wa kwanza alitoka Unguja. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akafanya kazi idara ya afya, kisha akawa mwandishi wa habari. Kuanzia 1958 alihariri Mkulima, gazeti la kilimo. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957 na 1958, ikachapwa kuwa kitabu mwaka 1960. Baada yake vikaja Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984.

Bwana Msa, mpelelezi wake, hana bastola wala cheo. Anavuta kiko, anasikiliza, anauliza swali ambalo wenzake wameona halina maana, kisha anakaa kimya. Rafiki yake Najum humfuata na kushangaa, na msomaji hushangaa naye. Abdulla alikuwa amemsoma Sherlock Holmes, na hakujificha kwa hilo. Lakini Holmes wa London hakuwa na mizimu ya kushindana nayo. Bwana Msa anaishi mahali ambapo mtu akifa ghafla watu husema ni uchawi, ni jini, ni mzimu. Yeye hamcheki anayesema hivyo. Anamsikiliza hadi mwisho, halafu anatafuta mkono wa mtu nyuma ya habari ya mzimu.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mapenzi ya wasomaji. Kitabu kiliwaambia kwamba kifo kina chanzo, na chanzo kinaweza kujulikana kwa akili ya mtu kama wewe. Sababu ya pili ni lugha. Kiswahili cha Abdulla ni cha barazani, kimejaa mafumbo, utani na maneno ya Unguja ambayo hata msomaji wa bara hulazimika kuyarudia mara mbili. Watu walipenda kusomeana kwa sauti.

Bara nako kukawa na wake. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na humo mpelelezi ni polisi, Inspekta Wingo. Kisiwa cha mzee wa kiko kimeachwa nyuma, na sasa hadithi iko mjini, mahali ambapo simu inaweza kuleta habari ya kifo.

Kijana wa serikali

Halafu akaja Willy Gamba. Ili kuelewa jinsi alivyopokewa, lazima kukumbuka Dar es Salaam ya wakati ule. Tangu 1963 mji huo ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walipita humo, na waliowawinda nao walipita humo. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa mjini humo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa kama kifurushi.

Musiba hakuhitaji kubuni hofu, maana ilikuwa mtaani. Katika Kufa na Kupona, kitabu chake cha 1974, Gamba anapelekwa Nairobi kuwafuatia maadui wa ukombozi. Katika Kikosi cha Kisasi anafika Kinshasa, kwa sababu wapigania uhuru wanauawa na lazima mtu ajue nani anawaua. Baadaye vikaja Njama, Hofu na vingine. Gamba ni kijana mtanashati, anapendwa na wanawake, anapiga ngumi na risasi, na halali hadi kazi iishe. Wengi humwita James Bond wa Afrika. Tofauti ni kwamba Bond hulinda taji la Uingereza, na Gamba hulinda bara ambalo bado linatoka minyororoni.

Wakati huohuo Tanzania ilikuwa inafundisha watu wazima kusoma. Kampeni za kisomo za miaka ya 1970, na elimu ya msingi kwa kila mtoto, zilileta maelfu ya wasomaji wapya ambao hawakujua Kiingereza na hawakutaka vitabu vya kilimo cha pamba peke yake. Musiba aliwaandikia hao. Sentensi zake ni fupi, na sura inakwisha Gamba akiwa hatarini, hivyo taa haiwezi kuzimwa. Mwandishi mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, aliyewahi kuongoza chemba ya biashara, viwanda na kilimo ya nchi yake. Alifariki mwaka 2010, lakini Gamba bado anatajwa hadi leo na watu waliomsoma wakiwa na miaka 15.

Upande wa Zaire, wakati Gamba anatua Kinshasa kwenye karatasi, jina la Kamanyola lilikuwa linaimbwa nchi nzima. Mapigano ya hapa ya mwaka 1964, wakati wa vita dhidi ya waasi wa Simba, yalikuwa yamefanywa hadithi ya ushujaa wa Mobutu. Kikosi cha jeshi kikapewa jina la Kamanyola, na baadaye uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, ambao leo unaitwa Stade des Martyrs, ukafunguliwa kwa jina hilohilo. Watu walifundishwa shujaa wa kushangiliwa kwa amri. Willy Gamba alikuwa shujaa ambaye hakuna aliyelazimishwa kumpigia makofi, na makofi aliyapata.

Jirani wa Kigoma

Mwandishi wa tatu ni jirani kabisa. Ben Mtobwa alizaliwa Kigoma mwaka 1958, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, mahali ambapo mashua za Uvira na Baraka hufika na mizigo. Alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 50 tu. Aliandika Salamu Kutoka Kuzimu, Pesa Zako Zinanuka, Malaika wa Shetani, Dar es Salaam Usiku na vitabu vingine vingi, na akaanzisha kampuni yake ya kuchapisha, Heko, ili asimngojee mtu.

Mpelelezi wake ni Joram Kiango. Joram anafanana na Gamba kwa sura, kwa bastola na kwa bahati na wanawake, lakini bosi hana. Anajifanyia kazi mwenyewe, na mara nyingine polisi hawajui kama wamshukuru au wamfunge. Mabadiliko hayo yana sababu. Miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa na uhaba wa kila kitu, na mwaka 1983 serikali ikatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Zaire ilikuwa inaishi kwa Article 15, jitafutie mwenyewe. Msomaji wa wakati huo alikuwa amepanga foleni ya sukari na kumwona mkubwa akipita na gunia. Hakuweza tena kuamini kirahisi kwamba afisa wa serikali ndiye atakayekuja kumwokoa, kwa hiyo alimpenda mtu anayetenda haki bila kuajiriwa na yeyote.

Mtobwa pia alipenda mji kwa namna ambayo Musiba hakuwa na muda nayo. Dar es Salaam Usiku, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1999, inamfuata maskini na malaya kwa huruma ileile anayomfuatia tajiri. Wapo wasomaji wanaosema walikishika kwa ajili ya uhalifu, wakabaki kwa ajili ya watu.

Anayekimbia

Leo jina linalotajwa sana katika uwanja huu ni Hussein Tuwa, mwandishi wa Mkimbizi, Mfadhili, Bondia na Utata wa 9/12. Wasomaji wake wanamsifu kwa jambo moja: ukianza huwezi kuweka chini. Tuwa anajua kuficha jibu, na anajua kumpa msomaji jibu la uongo kwanza.

Lakini angalia jina la kile kitabu, Mkimbizi. Wapelelezi wa zamani walikuwa wanamfuata mhalifu. Hapa anayebeba hadithi ni mtu anayewindwa, na mlango wa kukimbilia haujulikani. Kutoka mzee anayekaa na kiko chake hadi mtu anayekimbia kuokoa roho ni safari ndefu, na wasomaji wameifanya pamoja na waandishi wao.

Vyuoni vitabu hivi huitwa riwaya pendwa, na mara nyingi neno hilo husemwa kwa dharau kidogo. Ni kweli havilingani vyote. Viko vilivyoandikwa haraka, na wanawake wa Willy Gamba wengi wao hawapewi kazi zaidi ya kupendeza au kusaliti. Hata hivyo, kwa vizazi vitatu vitabu hivi vimewafundisha watu kusoma kurasa 200 za Kiswahili bila mwalimu kusimama nyuma yao.

Swali la bonde la Ruzizi

Kwa nini habari hii iwahusu watu wa Kamanyola, na familia za wahami zilizotawanyika Bukavu, Uvira, ng'ambo ya Ruzizi nchini Burundi, au kambi ya Nyarugusu kule Kigoma?

Kwa sababu riwaya ya upelelezi inaanzia mahali ambapo hapa mambo huishia. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu zaidi ya 30 waliuawa Mutarule. Tarehe 15 Septemba 2017 wakimbizi wa Burundi zaidi ya 30 waliuawa kwa risasi hapahapa Kamanyola. Tangu Februari 2025 vita imerudi barabarani, na maelfu wamevuka mto na kile walichoweza kubeba kichwani. Kila mara maiti huhesabiwa, redio hutangaza hesabu, hesabu mbili hupingana, kisha huja habari nyingine.

Katika kitabu cha Abdulla au cha Musiba, maiti moja tu inatosha kusimamisha kila kitu. Mtu anakuja, anauliza marehemu alikuwa nani, alionwa wapi mara ya mwisho, nani alimchukia, nani alifaidika. Haondoki hadi apate jina. Pengine ndicho msomaji anachokitafuta kuliko bastola na magari: mahali ambapo mtu mmoja aliyekufa ana thamani ya kurasa zote hizo.

Hapo lakini msomaji wa Kivu ana la kufikiri kuliko wa Dar es Salaam. Willy Gamba akimpata mwenye kosa, mara nyingi humaliza mwenyewe kwa risasi, na msomaji hushangilia. Bonde hili limeona watu wengi walioamua kumaliza wenyewe, kila mmoja akijiona ni Gamba na kila mmoja akiwa na orodha ya wafu wake. Jina Kikosi cha Kisasi linasomeka kwa raha kwenye jalada. Kwenye barabara ya Uvira ni jambo lingine. Bwana Msa, mzee asiye na silaha, huenda ndiye mwenye faida zaidi hapa, kwa sababu anajua kuuliza kabla ya kuhukumu, na jina la kitabu chake cha mwisho linakiri kwamba hata yeye anaweza kukosea.

Vitabu hivi havipatikani kirahisi Bukavu, na Kamanyola ni vigumu zaidi. Mwenye jamaa Kigoma au Nyarugusu anaweza kumwagiza pamoja na mzigo wa ziwani. Anayeanza aanze na Kikosi cha Kisasi, kwa kuwa ni chepesi na kinamkuta Kongo. Kisha Dar es Salaam Usiku. Kisha Mzimu wa Watu wa Kale, akiwa na subira na maneno ya Unguja. Na nyumba yenye kitabu kimoja na watu 10, mmoja asome kwa sauti. Akifika mwisho wa sura afunge kitabu, awaulize waliomsikiliza wanamshuku nani, na kwa sababu gani.