Vyuo Visivyouliza Umri: Nusu Karne ya FDC

Mwaka 1975 serikali ya Tanzania ilianza kufungua vyuo ambavyo havikumwahidi mwanachuo cheti wala ajira. Kijiji ndicho kilichomteua. Aliishi bwenini, akajifunza uashi, useremala, kilimo, ushonaji, sayansi kimu au utunzaji wa hesabu za duka la kijiji, kisha akatarajiwa kurudi kwao na kufanya kazi miongoni mwa wale wale waliomtuma. Hivyo ndivyo vilivyoanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo wengi wetu tunaviita FDC.

Karibu kila kitu kilichovizaa kimekwisha kupita. Kijiji cha ujamaa hakipo tena, mfadhili mkuu aliondoka, na vyuo vyenyewe vimehamishwa wizara mara mbili. Hata hivyo leo kuna vyuo 54 vya serikali, kutoka Tarime hadi Newala, kutoka Kasulu hadi Ikwiriri. Vimewezaje kudumu?

Jibu linaanzia miaka michache kabla ya 1975. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, inakadiriwa asilimia 67 ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwa wananchi lile halikubaki neno la hotuba. Madarasa ya kisomo yalifunguliwa chini ya miti, kwenye ofisi za chama tawala, TANU, na kwenye shule za msingi jioni, watoto wakishaondoka. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Kufikia mwaka 1975 idadi ya wasiojua kusoma ilikuwa imeshuka hadi asilimia 39.

Sasa mtu mzima aliyekwisha kujua kusoma aende wapi? Swali hilo lilikutana na lingine. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977, huku nafasi za sekondari zikiwa chache mno. Maelfu ya vijana wangemaliza darasa la saba bila pa kwenda. Ilihitajika taasisi ambayo ingewapokea wote wawili, mama aliyejifunza kusoma juzi na kijana aliyetoka darasa la saba jana.

Mfano ulipatikana Skandinavia. Mchungaji na mshairi wa Denmark, N.F.S. Grundtvig, alikuwa ametetea shule za watoto wa wakulima ambamo watu wangeishi pamoja, wajadiliane na wajifunze bila kutishwa na mitihani. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844, na Sweden ikaanzisha zake mwaka 1868. Watanzania walikwenda kuziona, na Sweden, iliyokuwa na urafiki wa karibu na Nyerere, ikakubali kugharimia mpango kupitia shirika lake la misaada, SIDA.

Waasisi walifanya jambo moja la busara ambalo halisifiwi vya kutosha. Vyuo vingi havikujengwa upya. Vilirithi majengo ya vituo vya mafunzo ya wakulima na ya vijijini vilivyokuwapo tayari. Vilianza basi vikiwa na ardhi, mashamba, mabweni, na majirani waliovifahamu. Mali hiyo ilikuja kuviokoa.

Msukosuko haukuchelewa. Vita vya Kagera dhidi ya Uganda, bei ya mafuta na ukame vilikausha hazina ya nchi. Mwaka 1986 serikali iliingia mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa, na matumizi ya huduma za jamii yakabanwa. Vijiji vikaacha kutuma watu na kila mwanachuo akaanza kujilipia. Mwaka 1990 vyuo vilitolewa Wizara ya Elimu na kupelekwa kwenye wizara ya maendeleo ya jamii, na katikati ya muongo huo fedha za Sweden zikakoma. Karakana zilibaki na mashine za miaka ya sabini. Paa lililovuja lilivuja miaka mingi.

Hapo ndipo uzito ulipowaangukia wakuu wa vyuo na wakufunzi. Walilima shamba la chuo ili wanachuo wale, walifuga, walikodisha kumbi na mabweni kwa semina, walitengeneza madawati ya shule za jirani. Kozi fupi zilifuata mahitaji ya mahali: udereva, upishi, kompyuta, ufundi umeme. Vyuo viliunda umoja wao, Karibu Tanzania, vikaendeleza urafiki na shule za wananchi za Sweden hata baada ya serikali ya huko kufunga mkoba. Ni historia ya watumishi wa umma waliofanya kazi kwa moyo bila kupigiwa makofi, na inastahili kuandikwa kwa majina yao kabla hawajatutoka.

Kisha likaja suala la cheti. Sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na waajiri wakazoea kudai vyeti vyake. Fundi mzuri aliyetoka FDC bila karatasi alirudishwa getini. Kuanzia mwaka 2012 vyuo 25 viliteuliwa kufundisha pia mitaala ya VETA. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima, lakini ilikuwa na hatari yake: chuo kikigeuka VETA ndogo kitaanza kuchuja, na yule mama wa kisomo atabaki nje.

Kwamba mlango haukufungwa kabisa tulikuja kuona kwa wasichana. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mwaka 2017 msimamo wa serikali wa kutomrudisha ulisisitizwa hadharani. FDC haikuwa na kanuni iliyomzuia mama kusoma. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, inayoendeshwa na shirika la Karibu Tanzania, wasichana waliokatishwa masomo walirudi darasani. Walisoma masomo ya sekondari pamoja na ufundi, na vyuoni kukawa na mahali pa kulelea watoto wao. Serikali ilipoondoa zuio Novemba 2021, njia ya kurudi shule ilikuwa tayari imeonyeshwa na vyuo hivi. Kwangu, hicho ndicho kitendo kikubwa kuliko vyote vilivyofanya tangu kuanzishwa.

Kabla ya hapo vyuo vilikuwa vimerudishwa Wizara ya Elimu, na ukarabati mkubwa ukafuata. Majengo yanang'aa sasa. Ila serikali inajenga pia vyuo vya VETA katika wilaya ambazo hazikuwa navyo, na bila shaka litaulizwa swali la kwa nini wilaya moja iwe na vyuo viwili. Wanaopanga bajeti wakumbuke kwamba vyuo hivi vimevuka kila msukosuko kwa sababu vilimpokea mtu jinsi alivyo, bila kuuliza umri wake wala alama zake za mtihani. Kozi fupi isiyo na cheti, shamba na chumba cha kulelea watoto ndivyo vitakavyoonekana vya kwanza kupunguzwa, na ndivyo visivyopaswa kuguswa.

Nawe msomaji, kama wilayani kwako kuna FDC, nenda ukawaulize wanafundisha nini mwaka huu. Kama ujuzi unaouhitaji haumo, waambie wauanzishe. Kama unamfahamu msichana aliyekatishwa masomo, mwende pamoja.