Giligilani, Usahaulifu na Kitabu cha Ta'lim



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, mama mmoja wa hapa Buyenzi alinijia baada ya Swala ya Alasiri akiwa ameshika kichupa kidogo cha mafuta ya giligilani. "Ustadhi," akasema, "haya nimeletewa na mdogo wangu. Natia matone machache kwenye maji ya kupigia deki, mengine kwenye pamba naiweka kabatini, na nyumba inanukia vizuri. Lakini mwanafunzi wako hataki tena kusomea chumbani. Anasema kitabu chenu kimesema giligilani inaleta usahaulifu, na yeye anahifadhi Juzuu Amma. Hata mchuzi wangu sasa anauchambua kwa kijiko."

Nilicheka kidogo, kisha nikaona haya. Kijana hakusema uongo. Kitabu hicho ni mimi niliyemsomesha. Na mimi mwenyewe nilipokuwa na umri kama wake nilikuwa naondoa majani ya kotmiri kwenye sahani ya mama yangu, Allah amrehemu, moja moja, naye ananitazama bila kusema kitu.

Kitabu chenyewe ni Ta'lim al-Muta'allim cha Imam Burhanuddin az-Zarnuji, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanafi kutoka nchi za Asia ya Kati. Alikuwa mwanafunzi wa al-Marghinani, mwenye kitabu cha al-Hidaya, aliyefariki mwaka 1197. Kitabu kina milango 13, na mlango wa 12 unahusu mambo yanayoleta hifdhi na yanayoleta usahaulifu. Katika yanayosaidia hifdhi anataja mswaki, asali, ubani pamoja na sukari, na zabibu nyekundu 21 kila siku kabla ya kula kitu. Katika yanayosahaulisha anaanza na maasi na wingi wa madhambi, kisha huzuni na shughuli nyingi za dunia. Baada ya hapo ndipo anapotaja giligilani mbichi, tofaa chachu, kusoma maandishi ya makaburini, kupita katikati ya msafara wa ngamia, kutupa chawa akiwa hai, na kuumikwa kisogoni.

Wanafunzi wetu, wakiona maneno ya Kiarabu ndani ya kitabu cha madrasa, hudhani yote ni hadithi. Hapa ndipo tunapokosea sisi walimu, tunasoma na kutafsiri kisha tunafungua ukurasa unaofuata. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, hakuna hadithi inayosema giligilani inasahaulisha. Basi maneno haya yalitoka wapi?

Yalitoka kwa matabibu. Katika karne ya kwanza ya miladi aliishi tabibu wa Kiyunani aitwaye Dioscorides, mzaliwa wa Anazarbus, ambayo leo iko Uturuki. Aliandika kitabu kikubwa cha dawa za mimea, na alipofika kwenye giligilani alitahadharisha kwamba mtu akiizidisha huvuruga akili. Karne ya 9 kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad na Istifan bin Basil, na tafsiri ikasahihishwa na Hunayn bin Ishaq, mfasiri mashuhuri aliyefariki mwaka 873. Kisha akaja Ibn Sina (980–1037), na katika al-Qanun akaandika maneno ya namna hiyo hiyo, kwamba wingi wa giligilani huchanganya akili. Matabibu wa zama hizo walipanga kila chakula kwa joto, baridi, unyevu na ukavu, na giligilani mbichi waliihesabu kuwa ni ya baridi. Baridi ikizidi kichwani, kwa hesabu yao, fahamu hulemaa. Kwa hiyo az-Zarnuji alipowaandikia wanafunzi, aliandika tiba iliyojulikana na wasomi wa wakati wake, kama leo mwalimu anavyomwambia mtoto asikeshe na simu.

Tazama basi safari ya neno moja. Limetoka kwa Myunani, likapita Baghdad, likafika kwa Ibn Sina, likaingia kwenye kitabu cha adabu za mwanafunzi, na miaka zaidi ya 800 baadaye likaketi kati ya mama na mwanawe Buyenzi.

Cha kushangaza ni kwamba watu wa Baghdad wenyewe hawakuacha kuila. Vitabu vya mapishi vya zama za Bani Abbasi, kile cha al-Warraq cha karne ya 10 na kile cha al-Baghdadi cha mwaka 1226, vimejaa giligilani. Mji uliojaa mahafidhi na wanavyuoni ulikuwa unakula mchuzi wa giligilani!

Huku kwetu vyakula vya viungo tulivipata kwa njia ya misafara na ya ziwa. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, waliwakuta Waarabu na Waswahili wa pwani wameshatangulia. Kutoka Ujiji biashara na Uislamu vilipanda na mitumbwi kuelekea kaskazini. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani wakaweka kituo Usumbura, na Kiswahili kikawa lugha ya askari na ya soko. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwaka 1914, mizigo ya pwani ikawa inafika ziwani kwa treni. Ukienda leo kwa wauza viungo wa Ruvumera utaikuta giligilani kavu ya punje pembeni ya hiliki na mdalasini. Wapo wanaoiita dania, ni kitu kile kile.

Turudi kwenye kichupa. Kupata mafuta haya, punje zilizokomaa na kukauka hupondwa, mvuke wa maji ya moto hupitishwa ndani yake, kisha mvuke hupozwa na mafuta huelea juu ya maji. Kilo 100 za punje kwa kawaida hazitoi hata kilo moja ya mafuta. Wengi husema aliyebuni kazi hii ni Ibn Sina, na mimi nilikuwa nikisema hivyo darasani. Sivyo. Al-Kindi, aliyefariki mnamo mwaka 873, alikwisha kuandika kitabu kizima juu ya manukato na ukenekaji wake, karne moja kabla Ibn Sina hajazaliwa. Marashi ya waridi ya mji wa Jur, Uajemi, yalikuwa yakisafirishwa nchi za mbali katika karne ya 10. Mrashi tunaonyunyizia wageni kwenye maulidi na harusi umebeba kazi ya mafundi hao.

Sasa sikilizeni wanafunzi. Az-Zarnuji alitaja giligilani mbichi, yaani mmea wenye majani. Mafuta ya kichupani yanatokana na punje kavu, na hata kwa utaalamu wa leo ni vitu viwili. Harufu kali ya majani inatokana na kemikali za jamii ya aldehaidi, lakini ndani ya mafuta ya punje zaidi ya nusu ni kitu kiitwacho linaloli, ambacho kimo pia katika lavenda. Isitoshe, mwaka 2013 watafiti wa Iași, Romania, walichapisha jaribio ambalo panya walioharibiwa kumbukumbu walivutishwa harufu ya mafuta ya giligilani, na wakafanya vizuri zaidi katika mitihani ya kukumbuka njia. Panya si mwanafunzi wa Juzuu Amma, na sitaki kusikia wiki ijayo kwamba Ustadhi ameuza dawa ya hifdhi. Ninalosema ni kwamba hakuna sababu ya kuikimbia harufu hiyo.

Kwa akina mama, matone matano au sita yanatosha ndoo ya deki. Yachanganyeni kwanza na sabuni ya maji, maana mafuta hayayeyuki katika maji matupu. Kichupa kiwekwe gizani, kizibwe vizuri, mbali na jiko la mkaa na mbali na watoto. Hayanywewi. Yasipakwe ngozini bila kuzimuliwa kwa mafuta ya kula, na yakizeeka huwasha ngozi zaidi. Harufu nzuri haitoharishi najisi. Mtoto akikojoa kwenye mkeka, najisi iondolewe kwa maji kwanza, ndipo muutie manukato. Na maji ya udhu yakiangukiwa na tone la mafuta, Imam Nawawi katika Minhaj amesema maji yaliyobadilika kwa kitu kilicho jirani tu, kama udi na mafuta, hayadhuriki. Yakishachanganywa na sabuni hiyo ni habari nyingine, hayo ni ya deki.

Ta'lim nitaendelea kuisomesha, kwa sababu adabu zilizomo kwa mwalimu, kwa kitabu na kwa nia sijaona pengine zimekusanywa vizuri hivyo kwa mwanafunzi mdogo. Lakini tukifika mlango wa 12 sasa nasimama, nawaeleza hili ni la Mtume (S.A.W.) na hili ni la matabibu. Nawauliza pia kwa nini mwandishi alitanguliza madhambi na akaichelewesha giligilani.

Yule kijana nilimwita mbele ya mama yake, nikamwambia mwalimu wake ndiye aliyekosea. Alirudi kusomea chumbani wiki hiyo hiyo. Mchuzi anakula. Suratul Mutaffifin bado anakwama katikati, na kwa ninavyomjua mimi sababu ni mpira wa jioni.

Wallahu aalam.