Kelele za plagi: nani anatakiwa kunyamaza?

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuingie chini ya boneti.

Wengi wetu tumewahi kuusikia ule mluzi kwenye redio ya gari. Dereva akikanyaga mafuta unapanda, akiachia unashuka. Mara nyingine si mluzi, ni mikwaruzo, ta-ta-ta-ta, inayokwenda sambamba na injini. Ukimuuliza fundi anakwambia ni kawaida. Kazi yangu ni kuuliza maswali, na hili limenisumbua: hizo kelele ni za nani? Wa kuhangaika nazo ni anayezisikia au anayezitoa?

Historia yake inachekesha. Mwishoni mwa miaka ya 1880, Mjerumani Heinrich Hertz alithibitisha kuwepo kwa mawimbi ya redio kwa kutumia cheche ya umeme. Marconi akajenga simu zake za upepo juu ya cheche hizo hizo. Sasa itazame injini ya petroli: koili inapandisha volti 12 za betri hadi maelfu ya volti, plagi inatoa cheche, na waya wa plagi unageuka antena. Yaani kila gari la petroli ni mtambo mdogo wa Marconi, linatangaza kutwa nzima bila kibali!

Miongoni mwa walioumia mapema walikuwa polisi. Jijini Detroit, Marekani, baada ya miaka ya majaribio, polisi walianza mwaka 1928 kutuma taarifa kwa redio kwenye magari ya doria. Ilikuwa ya upande mmoja tu: makao makuu yanasema, askari anasikiliza. Askari asiposikia anuani kwa sababu ya plagi zake mwenyewe, mwizi ameshaondoka.

Juni 1930 akaja Paul Galvin wa Chicago. Alikwenda na gari lake aina ya Studebaker kwenye maonyesho ya watengenezaji redio kule Atlantic City. Hakuwa na kibanda, akaliegesha nje na kufungulia redio kwa sauti. Redio hiyo iliuzwa kati ya dola 110 na 130, na jina alilolibuni, Motorola, bado tunalo. Lakini redio za gari za enzi hizo hazikufungwa kwa bisibisi peke yake. Fundi alitakiwa kuweka rezista kwenye kila plagi na kwenye distributa, na kapasita kwenye jenereta. Angalieni vizuri: mnunuzi wa redio ndiye aliyelipia kulinyamazisha gari. Asiye na redio aliendelea kumwaga kelele barabarani bila kuulizwa.

Njia ya pili ilikuwa kukimbia. Mwaka 1933 Edwin Armstrong alipata hataza za FM. Kwenye AM, sauti hubebwa na ukubwa wa wimbi, na cheche huvuruga ukubwa huo huo. Kwenye FM sauti hubebwa na mabadiliko ya masafa, kwa hiyo mpokezi anaweza kukata vilele vya kelele bila kuigusa sauti. Ilipofika 1940, polisi wa jimbo la Connecticut walikuwa na mfumo wa FM wa pande mbili uliobuniwa na Daniel Noble. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, vifaru vya Marekani vilibeba redio za FM aina ya SCR-508. Ndani ya kifaru, kusikia amri au kutoisikia ni suala la kufa na kupona.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda. BBC ilipoanza matangazo ya televisheni mwaka 1936 kutoka Alexandra Palace, London, gari likipita nje lilimwaga madoa meupe kwenye kioo cha mtazamaji. Huyu hakuwa na gari wala kosa. Utamwambia afunge rezista wapi? Mwaka 1952 Uingereza ikatunga kanuni za kudhibiti kelele za mifumo ya cheche, na mwaka uliofuata zikaanza kutumika. Mzigo ukahamia kwa anayepiga kelele.

Matunda yake yapo hadi maduka ya vipuri ya kwetu. Chukua plagi za NGK za pikipiki, C7HSA na CR7HSA. Zinafanana kama mapacha, ila hiyo R maana yake ndani mna rezista. Herufi moja tu, na nyuma yake kuna miaka ya ugomvi.

Walioendelea kuumia ni watu wa redio ya ridhaa, wanaowasiliana kwa hiari yao na si kwa biashara. Hapa Tanzania alama zao za mwito huanza na 5H, Kenya 5Z. Wanaofunga mitambo kwenye magari hutafuta mawimbi dhaifu kutoka bara jingine, na wao AM, mosi na masafa mafupi hawawezi kuyakimbia. Kwanza wanamtambua adui: mikwaruzo inayofuata mwendo wa injini ni cheche, mluzi unaopanda na kushuka ni alteneta, na mlio usiobadilika huenda ni pampu ya mafuta. Kisha wanavuta umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya mnene wenye fyuzi. Wanaunganisha boneti na bomba la moshi kwenye bodi kwa mikanda ya waya, maana bomba linaloning'inia kwenye mipira linaweza kuwa antena ya kelele. Mwisho wanazungushia nyaya pete za feraiti. Dizeli haina cheche, lakini alteneta inayo.

Sasa tumerudi tulikotoka. Magari ya umeme hayana plagi, ila vifaa vinavyokata na kuunganisha umeme kwa kasi kubwa hutoa kelele ambazo AM huzisikia vizuri sana. Dawa ipo, ni vichujio na kinga za chuma, lakini ina gharama na uzito. BMW i3 iliingia soko la Marekani mwaka 2014 bila AM. Mwaka 2023 Ford ilitaka kuiondoa kwenye magari yake mapya, ikabadili msimamo mwezi Mei baada ya wabunge kuja juu, wakisema AM hutumika kutoa tahadhari za dharura.

Mtaniambia vijana hawasikilizi AM. Sawa, sibishi. Lakini kumwondoa msikilizaji si sawa na kuondoa kelele. Ni kama jirani mwenye spika kubwa akutake uhame badala ya yeye kupunguza sauti. Waingereza walilijibu swali hili mwaka 1952, na mimi nipo upande wao: mwenye kelele ndiye anyamaze.

Nawasilisha.